Kikao cha Katonga kipangwe kwa saa za Katonga

Anayetaka kukaa na wavuvi wa Katonga aangalie mwezi kwanza. Katika mwalo huu ulio kusini-magharibi mwa mji wa Kigoma, kama ilivyo katika mialo mingine ya Ziwa Tanganyika, dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa huwashwa juu ya maji, dagaa huufuata mwanga, na wavu huwainua kutoka chini. Zamani zilikuwa karabai, leo nyingi ni taa za sola, lakini kanuni ni ileile. Mbalamwezi ikishalimulika ziwa zima, taa ya mvuvi haina tena la kuwavutia samaki, na vipe, yaani boti za kuvulia dagaa, hupumzika ufukweni kwa siku kadhaa mpaka giza lirudi. Siku hizo ndizo za kushona nyavu, kuziba boti, kusafiri, kuoza mabinti na kukaa vikao.

Barua nyingi za mwaliko zinazotoka maofisini hazijui habari hiyo. Husema Jumanne, saa nne asubuhi, ukumbini. Kama ni siku za giza, mvuvi aliyekesha ziwani saa nne yuko usingizini. Mama aliyenunua dagaa alfajiri ndiyo kwanza amemaliza kuwatandaza mchangani au juu ya vichanja, na hawezi kuwaacha, maana wingu moja la mvua linatosha kuuharibu mtaji wake. Kikao hufanyika hata hivyo. Mahudhurio husainiwa, muhtasari huandikwa, maazimio hupitishwa. Watu ambao maazimio hayo yanagusa chakula chao wako mwaloni.

Dunia imekuwa na dawa ya tatizo hili kwa karibu miaka 20: programu za mtandaoni za kupanga miadi. Hutangazwa kama vitu vya mameneja wa miji mikubwa, watu wenye vikao sita kwa siku. Naamini zina kazi kubwa zaidi mahali kama Katonga, ambako kila mtu ana shughuli nyingi ila shughuli zake haziandikwi katika kalenda ya ofisi yoyote.

Namna zinavyofanya kazi

Programu hizi ziko za aina mbili, na tofauti yake ina maana kubwa kwetu.

Aina ya kwanza ni ya kura. Mwitishaji huweka mapendekezo ya siku na saa, hutuma kiungo kwa wajumbe, na kila mmoja huweka alama kwenye nafasi anazoweza. Mwisho wote wanaona katika jedwali moja nafasi iliyopata watu wengi. Doodle, kampuni iliyoanzishwa Zurich nchini Uswisi mwaka 2007, ndiyo iliyoifanya njia hii ijulikane. Siku hizi hata WhatsApp ina kura ndani ya makundi yake, tangu mwishoni mwa mwaka 2022, na kura moja hubeba hadi machaguo 12. Kwa kikundi cha Kigoma hiyo ndiyo njia iliyo karibu zaidi: haina usajili mpya, na hula bando dogo tu.

Aina ya pili ni ya mtu mmoja kufungua mlango wake. Mwenye ofisi huunganisha kalenda yake na programu, nayo huonyesha nafasi zilizo wazi. Anayetaka kumwona huchagua mojawapo, na papo hapo miadi inaandikwa kwa wote wawili. Calendly ndiyo maarufu katika kundi hili. Aliyeianzisha mwaka 2013 ni Tope Awotona, mzaliwa wa Lagos, Nigeria, aliyekuwa akiishi Marekani na aliyeweka humo akiba yake yote. Miaka 8 baadaye kampuni hiyo ilithaminiwa kuwa na thamani ya dola bilioni 3.

Aina hii ya pili huokoa muda mwingi wa daktari, mwanasheria au mtafiti. Lakini huanza na muda wa mwenye ofisi, na wengine wote hujipanga kuuzunguka. Aina ya kwanza huweka muda wa kila mjumbe katika jedwali lilelile, wenye uzito sawa. Ofisa uvuvi ana kura moja, mwenye kipe ana kura moja, mama wa dagaa ana kura moja. Kwa kikao cha mwalo, kura ndiyo inayofaa.

Ziwa moja, saa mbili

Kigoma ina ugumu ambao mtu wa Dar es Salaam hausikii. Katika nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika, Tanzania peke yake iko mbele kwa saa moja. Burundi, Zambia na upande wa mashariki wa Kongo hutumia saa nyingine. Mfanyabiashara wa Kigoma anayempigia mwenzake wa Kalemie, Uvira au Bujumbura anaongea na mtu anayeliona jua lilelile mahali palepale angani, huku saa ya ukutani ikisema jambo jingine. Jua la utosi hufika Kigoma kama saa saba kamili, karibu dakika 40 baada ya kufika Dar es Salaam, kwa kuwa mji upo magharibi mno ilhali saa yake ni ya nchi nzima.

Juu ya hapo kuna hesabu ya saa za Kiswahili. Sisi tunahesabu kuanzia kuchwa na kucha kwa jua. Programu hizi, hata zile zinazofunguka kwa Kiswahili, huhesabu kuanzia usiku wa manane. Kikao kikiandikwa saa 14:00, mzee wa Ujiji anapaswa kukisoma kuwa ni saa nane mchana. Kikiandikwa 2:00, mwingine atasoma saa mbili na kufika asubuhi, akae peke yake chini ya mwembe hadi achoke. Nimeona miadi mingi ikiharibika kwa sababu hiyo kuliko kwa uzembe.

Hapa programu kama Doodle na Calendly husaidia kwelikweli. Mwitishaji aliye Kigoma akiweka saa 11:00, mjumbe wa Bujumbura ataona 10:00 kwenye simu yake, bila mtu yeyote kujumlisha wala kutoa. Fikiria kamati ya harusi ya familia ya Ujiji ambayo wajumbe wake wako Mwanga na Gungu hapahapa Kigoma, wengine Dar es Salaam, shangazi yuko Uvira, na kaka yuko Marekani. Kati ya Kigoma na New York tofauti ni saa 8 wakati wa baridi kwao, na saa 7 wakati wa kiangazi, kwa kuwa wenzetu husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka. Hakuna katibu wa harusi anayepaswa kubeba hesabu hizo kichwani. Aiachie programu, kisha katika ujumbe wake aandike saa kwa njia zote mbili: saa nane mchana, yaani 14:00.

Ujiji yenyewe ina historia inayolingana na jambo hili. Kukutana kwa Henry Morton Stanley na David Livingstone mwaka 1871 ni mkutano unaosimuliwa kuliko yote katika mwambao huu, na watu husafiri kutoka mbali kuja kuona mahali ilipotokea. Lakini wawili hao hawakukubaliana hata siku ya tukio. Stanley katika kitabu chake aliandika 10 Novemba. Shajara ya Livingstone inaliweka mwishoni mwa Oktoba. Maradhi na miaka ya safari vilikuwa vimezivuruga hesabu za siku. Watu wawili waliosimama uso kwa uso, kila mmoja na kalenda yake: hali hiyo bado ipo kila tunapoita kikao bila kukubaliana kwanza tunahesabu vipi.

Kalenda inayoujua mwezi

Udhaifu mkubwa wa programu hizi ni kwamba zimetengenezwa na watu wa wiki. Zinajua kurudia kikao kila Jumatatu, au kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Haziji na kanuni ya kurudia kikao kila mbalamwezi. Mzunguko wa mwezi wa angani ni kama siku 29 na nusu, kwa hiyo usiku wa mwezi mpevu husogea katika kalenda ya ukutani, kama siku 11 kwa mwaka.

Tuchukue mfano. Jumapili ya kwanza ya Septemba 2025 ilikuwa tarehe 7, na usiku huo mwezi ulikuwa mpevu, tena ulipatwa. Kikundi cha wavuvi kilichopanga kikao siku hiyo kilipanga vema, boti zilikuwa nchi kavu. Jumapili ya kwanza ya Septemba 2026 ni tarehe 6, siku tano tu kabla ya giza totoro. Kanuni ileile, mwezi uleule wa kalenda, na safari hii wanachama wanajiandaa kwenda ziwani. Aliyeweka kikao kijirudie chenyewe bila kuangalia tena atashangaa kwa nini watu wameacha kuja, na huenda akawaita wavivu.

Dawa ipo, na si ngumu. Kalenda ya Google ina kalenda za ziada ambazo mtu anaweza kuziwasha. Mojawapo huonyesha hatua za mwezi wa angani. Inaweza pia kuonyesha tarehe za Hijiria kando ya tarehe za kawaida. Katika mji wenye Waislamu wengi kama Ujiji hilo linamfaa mtu mara mbili: tarehe 13, 14 na 15 za Hijiria ndizo siku za mwezi mpevu, na wazee wa mwaloni hawahitaji kuelezwa hilo. Katibu anayepanga kikao aangalie tarehe hizo kwanza, achague siku tatu au nne zinazozizunguka, aondoe Ijumaa saa za sala, kisha ndipo apige kura ya saa.

Na saa nazo zipigiwe kura kwa kuuliza kazi za watu. Ofisi ya serikali hufungwa saa tisa na nusu alasiri. Mama wa dagaa huanua jua linapopungua. Mvuvi wa giza huondoka machweo. Ukiyaweka haya pamoja unaona kwamba nafasi inayowafaa wote ni nyembamba, na nyakati nyingine haipo kabisa ndani ya saa za ofisi. Jedwali likionyesha hivyo, ofisi ndiyo isogee. Ofisa anaweza kuhamisha saa yake ya kazi kwa siku moja. Jua na mwezi havihamishwi.

Asiye na simu janja

Si kila mtu mwaloni ana simu janja. Wapo wengi wenye vitochi, na wapo wenye simu janja wasio na bando kwa wiki nzima. Kura ya WhatsApp ikiachwa ijiendeshe, itakusanya sauti za vijana na wenye nacho, kisha itaitwa uamuzi wa wote. Hilo lingekuwa baya kuliko barua ya zamani, kwa sababu lingekuwa na sura ya haki.

Kwa hiyo kazi ya katibu inabaki. Kila kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi kina viongozi wake, na kila kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kina mtunza daftari. Huyo awe na orodha ya wasio mtandaoni, awapigie au awapitie wanakoanika, awaulize kwa heshima kama anavyowauliza wakubwa, kisha awawekee alama zao. Shikamoo mama, kati ya siku hizi ipi inakufaa? Swali hilo huchukua dakika moja. Programu hukusanya majibu, kuyapanga na kuwakumbusha watu siku moja kabla. Kumfikia aliye mbali na mtandao ni kazi ya mtu.

Kwa nini jambo hili ni zito

Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana. Uamuzi wa aina hiyo una sababu zake, nami ni miongoni mwa wanaotaka ziwa lipumzike. Lakini miezi mitatu bila ziwa ni ada za shule, ni mikopo ya nyavu, ni chungu cha jioni. Mambo mazito kiasi hicho hujadiliwa katika vikao, kuanzia vya mtaa hadi vya nchi nne zilizotia saini mkataba wa kulisimamia ziwa mwaka 2003. Saa ya kikao huamua nani atasikika humo. Ukipanga kwenye giza, umewaondoa wavuvi bila kumfungia mtu mlango.

Ndiyo maana naziomba ofisi zote zinazofanya kazi na mialo ya Kigoma, za serikali, za utafiti na za mashirika, ziache kutuma tarehe na zianze kutuma kura. Ziweke siku za mbalamwezi, ziandike saa kwa Kiswahili na kwa tarakimu, zimpe katibu muda wa siku tatu kuwafikia wenye vitochi, kisha ziiheshimu saa iliyoshinda hata kama ni saa kumi na nusu jioni. Mtu aliyeshiriki kuchagua saa ya kikao huja akiwa mwenye kikao, akaongea, akayatetea maazimio atakaporudi kwa wenzake. Aliyepangiwa huja kama mgeni, na mara nyingi haji kabisa.