ADABU ZA MAZUNGUMZO BARAZANI

Baraza ni kikao cha asili cha watu wa Unguja na Pemba. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, baraza za mawe zimejengwa mbele ya nyumba zikielekea njia, ili mwenye nyumba apokee wageni bila ya kuwaingiza ndani. Huko mashamba, kivuli cha mwembe hutosha. Hapo watu hunywa kahawa, hucheza bao na hujadiliana juu ya bei ya mchele, mpira na siasa.

Tofauti na mkutano rasmi, baraza haina mwenyekiti, ajenda wala katibu. Hakuna anayetoa ruhusa ya kusema. Kwa hivyo amani ya kikao hutegemea adabu za wanaokikalia.

Umuhimu wa jambo hili umeonekana katika historia ya karibuni. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992 na uchaguzi wa mwaka 1995 kufuatiwa na mgogoro, zipo sehemu ambapo majirani waliacha kuzikana na kununuliana bidhaa kwa sababu ya itikadi. Ilihitajika Miafaka miwili, wa mwaka 1999 na wa mwaka 2001, kisha Maridhiano ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 ya waliopiga kura waliridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Mapatano ya viongozi hayawezi kudumu iwapo barazani watu wanaendelea kutukanana.

Adabu zenyewe zinafahamika. Anayefika hutoa salamu kwa wote, hata kwa yule wanayehitilafiana. Anayesema huachiwa amalize. Hoja hujibiwa kwa hoja. Haijibiwi kwa kutajiana ukoo, rangi au kisiwa alichozaliwa mtu. Asiyekuwepo hasengenywi, kwa kuwa hana nafasi ya kujitetea. Aidha, mwenye kuleta habari nzito huulizwa ameipata wapi, na akikosa jibu habari hiyo haichukuliwi kwenda baraza nyengine.

Anapotokea wa kuvuka mpaka, dawa ya kwanza ni ndogo na ya mapema. Mzee hugeuza mazungumzo, au jirani huagiza kahawa ili ghadhabu ipoe. Nasaha hutolewa baadaye, faraghani, na mtu aliye karibu naye. Anayekemewa hadharani huacha hoja akaanza kutetea heshima yake, na ugomvi wa watu wawili huwa wa kikao kizima. Akiendelea, wenzake humnyamazia. Maneno yasiyojibiwa hayaendi mbali.

Sheha huitwa pale panapokuwa na vitisho au dalili za kupigana. Haitwi kwa sababu mtu ametoa rai isiyopendwa na wengi, kwani kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 kinampa kila mtu uhuru wa maoni. Kumnyamazisha anayepinga kwa adabu ni kuvunja baraza sawa na kutukana.

Watumishi wa Serikali wana dhamana ya ziada. Mtumishi anapokaa barazani ni jirani kama jirani mwengine, lakini neno lake huchukuliwa kuwa ni la ofisi. Haifai atumie cheo kumtisha anayelalamikia huduma, wala kutoa siri za kazi ili ashinde mjadala. Lalamiko linalosemwa kwa uwazi barazani humfaa kuliko lile linalofichwa hadi likawa chuki.

Wahenga wamesema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Wananchi wanakumbushwa kuyatunza mabaraza yao, khasa nyakati za uchaguzi, ili anayeshindwa katika hoja leo aweze kurudi kesho na akakuta nafasi yake ya kukaa.