Sauti Inapoachana na Picha: Kuhamisha Rekodi za Fasihi Simulizi kutoka DVD

Utangulizi

Mtambaji wa ngano anaposema "pu!" huku akiangusha kiganja pajani, hadhira hupokea neno na ishara kwa pamoja. Tanakali hiyo haikamiliki bila mkono ule. Tuchukulie sasa kwamba kikao hicho kimehamishwa kutoka diski ya DVD hadi kwenye tarakilishi, na sauti imechelewa kwa sekunde mbili. Mkono unaanguka kimya, nyuso za hadhira zinachanua kwa kicheko, ndipo "pu!" inaposikika. Mwanafunzi anayenukuu kikao hicho ataandika kwamba hadhira ilicheka kabla ya tanakali. Atakuwa ameandika jambo ambalo halikutokea.

Kasoro hii yaweza kuipata rekodi yoyote ya nyanjani ya miaka ya 2000, enzi ambapo kamera ndogo za kanda zilitumika sana na kazi kuhifadhiwa katika DVD. Mtafiti aliyerekodi ngano za Wakamba au ngoma ya kilumi katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Wote, huko Makueni, hana hakika ya kumpata tena fanani aliyekuwa mzee wakati huo. Diski yenyewe nayo haidumu: rangi inayobeba data katika DVD za kuchomea hufifia kwa joto na mwanga. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuihamisha rekodi kama hiyo bila kuupotosha ushahidi wake.

Chanzo cha kasoro

Katika DVD, sauti na picha ni mikondo miwili iliyosukwa pamoja, na vipande vya kila mkondo hubeba alama za wakati wake. Programu ya kuhamishia ikizipuuza alama hizo, mikondo huanza kuachana. Aidha, vipande vyenyewe havilingani kwa urefu. Katika mfumo wa PAL, uliotumika nchini Kenya, sekunde moja ina fremu 25, yaani kila fremu huchukua milisekunde 40. Kipande cha sauti ya aina ya AC-3, iliyo ya kawaida katika DVD, huchukua milisekunde 32. Kwa hiyo ukikata rekodi mahali popote, ni nadra mikondo yote miwili kukatika kwa wakati mmoja.

Je, tofauti ndogo kiasi gani huonekana? Mwaka 1998, Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulieleza kwamba watazamaji huanza kuitambua kasoro sauti ikitangulia kwa takriban milisekunde 45, au ikichelewa kwa takriban milisekunde 125. Tunaivumilia zaidi sauti inayochelewa kwa sababu ndivyo maumbile yalivyo. Aliyesimama kwenye mteremko wa vilima vya Mbooni humwona mkata kuni wa ng'ambo akishusha shoka, kisha ndipo husikia mlio.

Kutambua aina ya kasoro

Kabla ya kutibu, sharti tujue ugonjwa. Tafuta tukio lenye mlio na mwendo wa ghafla, mathalani kofi au pigo la ngoma, mwanzoni mwa rekodi, katikati na mwishoni. Pima tofauti ya wakati katika kila tukio.

Kwanza, tofauti ikiwa ileile kote, mkondo mmoja ulianza mapema. Pili, ikiongezeka polepole kwa kiwango kimoja, mikondo inakwenda kwa kasi tofauti. Tatu, ikibadilika ghafla mahali fulani, huenda diski ina mkwaruzo na fremu kadhaa zimepotea.

Tiba

Anza kwa kuisafisha diski kwa kitambaa laini, ukifuta kutoka katikati kuelekea ukingoni. Kisha nakili folda nzima ya VIDEO_TS kwenye diski ngumu. Ndani yake mna mafaili ya VOB yasiyozidi gigabaiti moja kila moja. Usiyabadilishe moja moja na kuyaunga baadaye, kwani kila kiungo huongeza pengo dogo. Ifungue folda yote kama kazi moja katika programu kama HandBrake, nayo itayasoma kwa mfululizo.

Kasoro ya kwanza ni nyepesi. Katika programu ya VLC, vitufe vya J na K huisogeza sauti kwa hatua za milisekunde 50 wakati wa kutazama. Ukipata kipimo sahihi, kitumie kulisahihisha faili lenyewe katika programu ya kuhariri. Kasoro ya tatu hutibiwa kwa kuikata rekodi pale ilipovunjika na kusogeza sauti ya kila sehemu peke yake.

Kasoro ya pili ndiyo inayohitaji fikra. Tuseme mwanzoni mambo ni sawa, lakini kofi linaloonekana dakika ya 40 kamili, yaani sekunde ya 2,400, linasikika sekunde ya 2,402.4. Sauti imezidi kwa sehemu moja katika elfu. Wengi wataibana sauti ilingane na picha. Hata hivyo, uwiano huo ni uleule uliopo kati ya fremu 30 na fremu 29.97 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya mfumo wa NTSC wa Marekani. Yamkini kamera ilitoka huko, na programu ikaichukulia kasi hiyo kuwa 30. Hapo picha ndiyo iliyoharakishwa. Sauti haina kosa. Tiba ni kuirejesha picha kwenye 29.97.

Swali la mkondo upi ni mkweli si la fundi pekee. Fremu 24 zikichezwa kama 25 na sauti ikaharakishwa ili kuzifuata, saa moja huwa dakika 57 na sekunde 36, na kidatu cha sauti hupanda. Kikamba ni lugha ya toni. Mtafiti wa toni atapima sauti ambayo fanani hakuitoa. Shahidi bora ni daftari la nyanjani: ikiwa uliandika saa ya kuanza na ya kumaliza, linganisha muda huo na urefu wa kila mkondo.

Hitimisho

Usiifute nakala ya kwanza hata baada ya kuisahihisha. Andika, pamoja na faili jipya, kipimo cha kasoro na hatua zilizochukuliwa, ili atakayefuata aweze kukukosoa. Kwa rekodi mpya, mwombe msaidizi apige kofi mbele ya kamera mwanzoni na mwishoni mwa kikao. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na katika fasihi simulizi, ukuta huo mara nyingine haujengeki, kwa kuwa fanani ameshaondoka na ngano yake.