Nyigu Anayekulia Tumboni mwa Kiwavi

Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi, wadudu wenye asili ya Amerika walioonekana Afrika Magharibi mwaka mmoja tu kabla ya hapo, waliingia Sudan Kusini. Anayelima mahindi au mtama kandokando ya Juba hahitaji kuelezwa dalili: majani yametobolewa, na moyo wa mhindi umejaa kinyesi mithili ya vumbi la mbao. Nondo jike mmoja, mama wa viwavi hao, hutaga mayai zaidi ya 1,000.

Lakini kiwavi naye ana mwindaji wake. Katika nchi jirani ya Ethiopia, watafiti waliokusanya viwavi hao mashambani walikuta kwamba, mahali pengine, hadi asilimia 45 walikuwa wamevamiwa na nyigu mdogo mno aitwaye Cotesia icipe. Ni mwenyeji wa Afrika, aliyemgeukia mgeni huyu pasipo kuletwa na mtu.

Nyigu jike humchoma kiwavi mchanga na kumwachia yai mwilini. Nyigu wa ukoo wa Cotesia huingiza na virusi pamoja na yai, na hapo ndipo panaponistaajabisha kuliko kote: virusi hivyo huizima kinga ya kiwavi, yai lisije likazingirwa na kuuawa. Buu akianguliwa hunywa maji ya mwili wa kiwavi huku akimwacha hai, kwa kuwa kiwavi akifa mapema, naye amekwisha. Akikomaa huitoboa ngozi, akatoka na kujisokotea kifuko cheupe cha nyuzi. Kiwavi hali tena, hufa.

Mhindi wenyewe husaidia msako. Ukitafunwa hutoa harufu ambayo nyigu huifuata. Uwindaji huu wa nyigu umewahi kutumiwa kwa makusudi: mwaka 1993 kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilimwachia pwani ya Kenya nyigu mwingine wa ukoo huo, Cotesia flavipes kutoka Asia, amkabili funza wa mabua, naye akaenea.

Sumu za kuua wadudu wa kila aina huharibu kazi hii. Kiwavi mkubwa amejificha ndani ya moyo wa mhindi, kinyesi chake kikimkinga; nyigu yuko wazi juu ya jani, na ndiye anayekufa kwanza. Kwa hiyo, mkulima, kagua shamba kabla ya kushika bomba la sumu. Ponda kwa mkono makundi ya mayai ya nondo, na vifuko vyeupe vya nyuzi ukiviona majanini, viache.