Je, Wajua? Bia Inayonukia Embe Bila Embe

Je, wajua kwamba bia ya mtindo wa IPA (India Pale Ale) yenye ukungu, ile iliyopata umaarufu jimboni Vermont, Marekani, inaweza kunukia embe, pasheni na chungwa bila kutiwa tunda lolote? Harufu hiyo ni ya hopsi, maua ya mmea utambaao. Yakichemshwa kwa muda mrefu hutoa uchungu; yakitiwa mwishoni, au bia ikiwa inachacha, huiachia mafuta ya harufu. Mojawapo ya viungo vya mafuta hayo, mirseni, kimo pia ndani ya embe lenyewe, kwa hiyo pua haijakosea sana. Ukungu nao si uchafu: ni protini za nafaka, mara nyingi ngano na oti, zilizoshikana na polifenoli za hopsi.

Heady Topper ya kiwanda cha The Alchemist, inayotajwa kuwa mama wa mtindo huu, ilianza kuuzwa kwenye makopo mwaka 2011. Ina kilevi cha asilimia 8, na kopo lake humwagiza mnywaji asiimimine kwenye glasi. Agizo la ajabu kwa bia ambayo nusu ya utamu wake uko puani! Ila isiwekwe kwa muda mrefu. Oksijeni huigeuza rangi na kuiua harufu.