TANESCO na kampuni binafsi: kwa nini bei haikushuka

Kila mjadala wa bei ya umeme unapoanza miongoni mwetu Watanzania tulioko Uingereza, hoja huwa moja: ukiritimba wa TANESCO, shirika la umeme la serikali, uondolewe, watu wa nyumbani wachague nani awauzie umeme kama tunavyochagua sisi huku. Nataka hilo litokee, kwa sehemu yake. Lakini tusisahau kwamba sera ya mwaka 1992 ilishawaruhusu wawekezaji binafsi kufua umeme. Waliingia, ila hawakuingia kwa kushindana.

Mfano mkubwa ni kampuni binafsi ya IPTL. Ukame ulikuwa umekausha mabwawa, mgawo wa umeme umekaza, na mwaka 1995 serikali ikakubali mkataba wa miaka 20 wa mitambo ya megawati 100 pale Tegeta, iliyotumia mafuta mazito. Haikutangazwa zabuni ya kushindanisha bei. TANESCO ilibanwa kulipa kila mwezi kwa ajili ya mitambo kuwepo, iwashwe isiwashwe, na gharama ya mafuta juu yake. Ukazuka ugomvi kuhusu gharama ya ujenzi, shauri likaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na malipo yakapunguzwa. Mitambo ilipoanza kazi rasmi mwaka 2002, ukame ule ulikuwa umeshapita. Mwaka 2006 ukaja ukame mwingine, na haraka ile ile ikazaa mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond, kashfa iliyomwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa mwaka 2008.

Mnunuzi alikuwa mmoja, TANESCO, na kila muuzaji alikuja na mkataba mrefu uliomhakikishia malipo. Hapo nani ana sababu ya kushusha bei?

Huku Uingereza nako tunakusifia kupita kiasi. Ukihama kampuni, nyaya zinazofika mlangoni kwako ni zile zile, za kampuni ya eneo lako isiyo na mpinzani, na mapato yake yanadhibitiwa na mamlaka. Wanaoshindana ni wafuaji na wauzaji. Na hata hapo, mwaka 2019 ilibidi uwekwe ukomo wa bei kwa majumbani, kisha bei ya gesi ilipopanda mwaka 2021 wauzaji zaidi ya 20 wakaanguka.

Sasa mfikirie mteja mdogo wa nyumbani Tanzania, yule anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Katika bei zilizopangwa mwaka 2016 alilipa shilingi 100 kwa uniti, wakati mteja wa kawaida alilipa 292 kabla ya kodi. Pengo hilo linafidiwa na wateja wengine. Ukifungua uuzaji wote kwa mkupuo, wauzaji wapya watakimbilia viwanda na mahoteli, wakiiachia TANESCO bibi yetu wa kijijini Namtumbo na nguzo za kumfikia. Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote.

Hata hivyo, Sheria ya Umeme ya 2008 iliweka misingi mizuri ya leseni. Kule Mufindi, mradi binafsi wa maji wa Mwenga, wa megawati 4, unauza umeme kwenye gridi ya taifa na pia moja kwa moja kwa vijiji jirani. Mwaka 2014 serikali ikatoa mpango wa kuigawa TANESCO hatua kwa hatua hadi 2025: ufuaji kando, usambazaji kando. Haukutekelezwa. Nguvu zikaelekezwa kwenye Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lililokamilika mwaka 2025 chini ya TANESCO hiyo hiyo.

Kwa maoni yangu, bwawa hilo linatupa nafasi tuliyoikosa mwaka 1995: kununua bila kukimbizwa na giza. Miradi ijayo ya jua na upepo ishindanishwe kwa zabuni ya wazi, anayetaja bei ndogo kwa uniti apewe. Anayeamua mitambo ipi iwashwe asiwe mmiliki wa mitambo inayoshindana. Na mikataba yote ichapishwe kabla ya kusainiwa, mdhibiti wa nishati, EWURA, na wabunge waisome pamoja na sisi tunaotuma hela ya LUKU nyumbani.