Kumpeleka mtoto mwenye surua kwa mlezi

Mama wa Tabora anayelea watoto wa majirani nyumbani kwake, akikataa kumpokea mtoto mwenye homa na vipele, huenda akaambiwa hana tawakkul, kwani Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kuambukizana. Hoja hiyo ni nusu. Abu Hurayra (r.a.), mpokezi wa hadithi hiyo, amepokea pia, katika Bukhari na Muslim, katazo la kuwachanganya ngamia wagonjwa na wazima. Wanazuoni wengi wameziunganisha hivi: ugonjwa hauambukizi kwa nguvu zake wenyewe, bali kwa idhini ya Allah, na kujikinga ni kufuata sababu. Ndui ya karne ya 19 ilisafiri na misafara iliyopita hapa hapa, ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji.

Virusi vya surua huweza kubaki hewani chumbani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka. Basi mtoto apelekwe zahanati, kisha abaki kwao mpaka siku 4 zipite tangu vipele vitokeze. Wachanga wasiofika miezi 9, umri wa chanjo ya kwanza, ndio wa kuogopewa zaidi. Mzazi anayeishusha homa kwa dawa asubuhi na kunyamaza, ili awahi sokoni, amekhini amana. Mlezi naye asimtangaze mtoto huyo mtaani.

Wallahu a'lam.