Tarakimu Ziko Ngapi?

Leo tunapenda kueleza jambo moja la kompyuta ambalo linaweza kuharibu hesabu za watu.

Tukiuliza klasi yoyote, "Tarakimu ziko ngapi?", wote watajibu: kumi, toka 0 mpaka 9. Jibu hilo ni zuri kwa kitabu cha hesabu, lakini kwa kompyuta halitoshi.

Tukumbuke habari za mji wetu. Tippu Tip, ambaye Mfalme Leopold II alimfanya liwali wa Stanley Falls katika 1887, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu. Vilevile pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar iko na mwaka ١٢٩٩, maana yake 1299 wa Kiislamu, ndiyo 1881-1882 yetu. Zile pia ni tarakimu! Watu wa Bangladesh nao wako na zao. Unicode, ile orodha inayopa kila herufi ya dunia namba yake, iko na tarakimu za namna hiyo zaidi ya 600.

Sasa shida iko wapi? Mwandishi wa programu akitaka kuchunguza kama mtu ameandika namba tu, anatumia alama fupi \d, maana yake "hapa tarakimu moja". Lakini tarakimu za nani? Lugha za programu hazijibu sawasawa:

1. Python 2 ilikubali 0-9 tu, mpaka uiambie vingine. Python 3, iliyotoka 2008, inakubali tarakimu zote za Unicode katika maandishi. Kwa hiyo mstari ule ule, bila kugeuza hata nukta, unabadilika maana.
2. JavaScript inakubali 0-9 tu.
3. Java pia ni 0-9, lakini toka Java 7 (2011) unaweza kuomba za Unicode.
4. C# inakubali zote, usipoizuia.

Wengine watasema, "Hiyo si kitu." Hapana! Tazameni alama hii: ৪. Inafanana na nane, lakini ni nne ya Kibengali. Mtu akiandika ৪0000 kwenye fomu ya minervali, karani anasoma franga 80000. Python 3 inaiachia ipite, na ikihesabu inapata 40000. Karatasi inasema hivi, jumla inasema vile, na mtunza feza njo ataulizwa.

Dawa yake ni hii. Ukitaka 0-9 tu, andika wazi [0-9]. Katika Python 3 unaweza pia kuongeza re.ASCII. Lakini kama programu yako itatumiwa na watu wanaoandika tarakimu za Kiarabu, kama kule Oman ambako wengine wanasema Kiswahili chetu, usiwafungie mlango. Zipokee, uzigeuze kuwa 0-9 mbele ya kuziweka, na namba iliyochanganya aina mbili uikatae.

Basi, kila mara programu inapohamia toleo jipya, ijaribuni kwanza kwa ١٢٩٩ na ৪0000. Mashine inafanya vile ilivyoambiwa tu. Kuiambia wazi ni kazi yetu sisi.

Viongozi wa wanafunzi, klasi ya sita